Tableti kwa Mzee: Mpe Kifaa, Mpe na Muda Wako

Siku hizi wazee wengi katika jamii yetu wanaletewa tableti. Mtoto aliye Ulaya au Canada anatuma pesa, mjukuu anakwenda mjini kununua, na jioni mzee anakabidhiwa kile kifaa chenye kioo kikubwa ambacho ndugu zetu wa Tanzania wanakiita kishikwambi. Watu wanafurahi, picha inapigwa, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ukipita baada ya wiki mbili, utakuta tableti imefungwa ndani ya kitenge chini ya mto, au iko mikononi mwa watoto wanaocheza michezo.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Bwaise, kaskazini mwa jiji la Kampala. Katika kutembelea nyumba za wazee wenye shinikizo la damu na kisukari, nimeona tableti zilizolala na nimeona zinazofanya kazi. Tofauti haiko kwenye bei. Iko kwa mtu aliyekaa na mzee siku za mwanzo, na kama mtu huyo alimwacha mzee ashike kifaa mwenyewe.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA AFYA?

Mzee anayeishi kambini mara nyingi ana jirani anayesema lugha yake. Hapa Bwaise vijana wanatoka alfajiri kutafuta riziki na kurudi usiku. Majirani ni watu wema, wanamwita "jjajja", lakini wanasema Kiganda, na yeye anajua Kiswahili na Kibembe tu. Watoto wake wametawanyika: mmoja yuko Nyarugusu, Tanzania, mwingine Kyangwali, mwingine amekwenda nje. Mzee anashinda peke yake kutoka asubuhi hadi giza.

Upweke huo unadhuru mwili. Mzee mpweke hali vizuri, halali vizuri, na mara nyingi anaacha dawa kwa sababu hakuna anayemuuliza kama amekunywa. Akiona uso wa binti yake kila jioni, na binti akamuuliza "Mama, dawa umemeza?", hiyo nayo ni huduma ya afya.

KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, muulize mzee mwenyewe. Usimuulize kama anataka tableti, maana hajui itamfaa nini. Muulize: "Koko, ni nani ungependa kumwona?" Jibu lake ndilo litakalokuonyesha kitu cha kwanza cha kumfundisha.

Pili, chagua tableti inayoingia laini. Ziko nyingine zinazotegemea Wi-Fi tu, na nyumba nyingi za Bwaise hazina Wi-Fi. Laini isajiliwe kwa hati za mzee mwenyewe. Zamani wakimbizi wengi walitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la rafiki Mganda, lakini mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) iliruhusu wakimbizi kujisajili kwa hati zao zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Laini iliyo kwa jina la mtu mwingine ikipotea, mzee hana namna ya kuirudisha.

Tatu, usimnyang'anye simu yake ndogo ya tochi. Betri yake inakaa siku nyingi, na inapiga hata pasipo intaneti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya Uganda ilizimwa kwa siku kadhaa. Waliokuwa na simu za kawaida waliendelea kupigiana.

JINSI YA KUMFUNDISHA

1. Tayarisha kifaa kwanza. Kuza maandishi, ongeza sauti, weka lugha ya Kiswahili, na uondoe kwenye ukurasa wa mbele kila kitu asichokihitaji. Acha vitu vitatu au vinne tu.

2. Weka nyuso badala ya majina. Katika WhatsApp unaweza kuweka njia ya mkato ya mtu mmoja mmoja kwenye ukurasa wa mbele, ikiwa na picha yake. Mzee asiyejua kusoma anaigusa picha ya mwanawe, basi.

3. Fundisha jambo moja kwa siku. Siku ya kwanza ni kupokea simu ya video. Siku ya pili ni kupiga. Ujumbe wa sauti ungoje wiki nyingine. Robo saa inatosha, akichoka, acheni.

4. Usimshike mkono wala usichukue tableti kumwonyesha. Hili ndilo gumu kwetu vijana. Tunaona mzee anakawia, tunasema "lete nikufanyie", na kazi inakwisha kwa sekunde mbili. Lakini mzee hajajifunza kitu, na amejifunza kwamba yeye hawezi. Kaa upande wake, weka mikono yako magotini, sema kwa mdomo: "Gusa hiyo picha, gusa na uachie."

5. Elewa vidole vyake. Kioo cha tableti hakisikii ukucha, na kidole kikavu chenye sugu za jembe kinasikika kwa shida. Anawe mikono, ajipake mafuta kidogo na kujifuta. Wazee wengi pia hukandamiza kwa muda mrefu, na kifaa kinafungua jambo jingine. Kwenye mipangilio ya ufikivu unaweza kuongeza muda huo ili kifaa kimngoje.

6. Punguza matumizi ya bando. Zima upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe katika WhatsApp. Simu ya sauti inatumia bando kidogo kuliko ya video. Video iwe ya Jumapili, sauti iwe ya kila siku.

Na umweleze mapema kwamba akibonyeza vibaya kifaa hakitalipuka wala hakitaharibika. Wengi wanaogopa kugusa kwa sababu wanajua kimenunuliwa kwa pesa nyingi.

TABLETI NA MATIBABU

Weka kengele ya dawa saa ile ile kila siku. Dawa ya shinikizo la damu inamezwa hata siku ambayo mzee anajisikia mzima. Piga picha ya pakiti za dawa zake na ya daftari lake la hospitali. Akienda kituo kingine, mhudumu ataona anachotumia.

Wakati wa kumfundisha unaweza kugundua ugonjwa. Ikiwa umekuza maandishi hadi mwisho na bado anaona ukungu, huenda ni mtoto wa jicho. Apelekwe kwenye kliniki ya macho. Kusahau hatua za kifaa kipya ni kawaida. Lakini kama anapotea njia ya nyumbani aliyoizoea, au hawatambui watu wake, mweleze mhudumu wa afya.

Waambie pia ndugu walio mbali waangalie. Ikiwa katika video mdomo wa mzee umepinda upande mmoja, au maneno yake hayaeleweki ghafla, au mkono mmoja umelegea, hiyo ni dalili ya kiharusi. Wapige simu kwa jirani mara moja, na mzee afikishwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Jihadharini na tiba za kwenye WhatsApp. Januari 30, 2025 Ebola ilitangazwa Kampala, na mgonjwa wa kwanza alikuwa muuguzi wa Mulago, si mbali na hapa Bwaise. Mlipuko ulitangazwa kwisha Aprili 26, 2025. Wakati kama huo mzee mwenye tableti anapokea ujumbe wa kila aina: kunywa hiki, usiende hospitali, kimbia. Mfundishe kutotuma mbele ujumbe wowote wa ugonjwa kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya. Wizara ya Afya ina namba ya bure, 0800 100 066.

HABARI ZA VITA NA MISIBA

Jambo hili halisemwi na wauzaji. Tableti inamletea mzee watoto wake, na inamletea vita pia. M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, video za maiti zilizunguka katika makundi ya WhatsApp mchana na usiku. Mama mzee mmoja ninayemtembelea alikaa siku tatu akizitazama, akitafuta nguo za mdogo wake. Hakulala, hakula, na nilipompima, shinikizo lilikuwa juu sana. Tuliketi naye na mjukuu wake, tukamwondoa katika makundi mawili yenye picha hizo, tukakubaliana kwamba habari za nyumbani atazisikia kwa sauti kutoka kwa shemeji yake mmoja, mara moja kwa siku. Polepole alianza kulala.

Kuna na misiba. Desturi yetu ni kwamba habari ya kifo inaletwa na watu: wanakuja, wanaketi, wanampa mzee maji, ndipo wanasema. Sasa ujumbe unaweza kumfikia saa nane usiku akiwa peke yake, tableti kifuani. Kwa hiyo kubalianeni na ukoo mzima, wa kambini na wa nje: habari mbaya isitumwe kwa mzee. Itumwe kwanza kwako au kwa jirani mmoja aliyechaguliwa, naye aende kwa miguu yake.

MATAPELI

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na familia nyingi zilizokuwa zikingoja safari zilibaki njia panda. Matapeli wanaijua hali hiyo. Wanapiga simu wakisema wanatoka ofisi ya UNHCR, faili yako imepatikana, tuma pesa kidogo ya karatasi. Mwambie mzee maneno haya mpaka ayakariri: huduma za UNHCR na washirika wake hazilipiwi, hata ile ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Anayeomba pesa ni mwizi, hata kama anakuita kwa jina lako kamili.

Wengine husema: "Nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie." Mzee asirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lake pamoja na mtu anayemwamini. Namba ya siri ya pesa za simu ni yake peke yake. Mjukuu asiijue, na wewe unayemfundisha usiijue. Akiingiza namba, geuza uso.

MVUA NA UMEME

Msomaji wa Bwaise anajua: mtaa wetu uko bondeni, penye ardhi ya kinamasi, na mvua ikinyesha kwa nguvu mfereji wa Nsooba unajaa na maji yanaingia ndani. Tableti isilale sakafuni. Iwe ndani ya kaveera, imetundikwa ukutani juu ya kimo cha maji, pamoja na dawa na hati zake. Ikilowa, izimwe na ikaushwe. Isichajiwe ikiwa na maji. Hati za OPM na daftari la hospitali zipigwe picha, na nakala itumwe kwa mtoto mmoja aliye mbali. Maji yakichukua karatasi, mtakuwa na pa kuanzia.

KUMBUKA

- Tableti haichukui nafasi ya ziara yako. Mzee anayeona watoto wake kwenye kioo bado anahitaji mtu wa kumchotea maji.
- Rudi baada ya siku tatu, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Mengi yanasahaulika katikati.
- Mwache ashike mwenyewe.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna tableti imelala chini ya mto, itoe leo jioni. Ichaji, kaa kando ya mzee, na muulize ni nani angependa kumwona.