Sayansi ya kwantamu yataka ushirika wa vyuo vyetu

Mwaka wa 2025 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantamu. Aghalabu miaka ya namna hii huja na kupita bila ya mwalimu wa kijijini kupata habari zake. Hata hivyo, katika tangazo hilo kuna jambo moja lisilostahili kupita hivi hivi. Nchi iliyowasilisha hoja hiyo mbele ya Baraza Kuu mwaka wa 2024 haikuwa Marekani, wala Ujerumani, wala Uchina. Ilikuwa Ghana.

Je, sisi wa Afrika Mashariki tuna nafasi gani katika taaluma hii? Nafasi ipo, lakini haitapatikana kwa kila nchi kununua mtambo wake na kujifungia nao chumbani. Itapatikana iwapo vyuo vikuu vya eneo hili vitaunda jamii moja ya watafiti wanaojuana, wanaoulizana maswali na wanaogawana vifaa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Yafaa kwanza tueleze kinachozungumzwa. Mwaka wa 1900 Mjerumani Max Planck alipendekeza kwamba nishati ya nuru haitoki mfululizo kama maji ya mfereji, bali hutoka kwa vipande vilivyopimwa, mithili ya mnunuzi anayelipa kwa sarafu na hawezi kuikata sarafu nusu. Mwaka wa 1905 Albert Einstein alilipeleka wazo hilo mbele zaidi, na vipande vya nuru baadaye vikaitwa fotoni. Mwaka wa 1925 Werner Heisenberg akaweka msingi wa hesabu za kuuelezea ulimwengu huo mdogo usioonekana kwa macho, na karne moja ya kazi hiyo ndiyo iliyoadhimishwa mwaka wa 2025. Fotoniki, jirani ya taaluma hii, ni elimu ya kuizalisha nuru, kuiongoza na kuitumia.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Hao na wakumbushwe kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963, akiwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba nchini Tanganyika, kijana huyo alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Alitia maziwa yake kwenye jokofu yakiwa bado moto, nayo yakaganda kabla ya yale ambayo hayakuwa moto. Alipomuuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa kwamba alikuwa amechanganyikiwa.

Mpemba hakuliacha swali lake. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Dkt Denis Osborne wa Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, bali alirudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanywe, na mwaka wa 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Wanasayansi wangali wanabishana kuhusu maji hayo hadi leo. Lakini jina la Mpemba limekwisha kuingia katika msamiati wa dunia. Mwaka wa 2024 watafiti wa Innsbruck, nchini Austria, walitangaza kwamba wameshuhudia mwenendo wa jamaa hiyo katika atomi zenye chaji zilizonaswa maabarani. Jina lililotumika ni athari ya Mpemba ya kikwantamu.

Ni fahari, lakini ni fahari yenye uchungu. Jina ni letu, maabara ni ya wengine. Tena tukumbuke kwamba swali la Mpemba liliokolewa na mwendo wa barabara, mhadhiri alipofunga safari kutoka Dar es Salaam hadi Iringa. Lau Osborne angebaki ofisini mwake, swali lile lingezimika kama mshumaa kwenye upepo. Jamii ya watafiti, basi, ni ile njia ambayo swali husafiria kutoka kwa anayeuliza hadi kwa anayeweza kulijaribu. Njia hiyo ikikatika, hata akili iliyo kali namna gani haifiki mbali.

Kuna hoja nyingine ambayo haina budi kujibiwa kwa heshima. Mwalimu asiyekuwa na chaki, na mwenye vitabu viwili kwa wanafunzi kumi, atauliza kwa nini tuhangaike na mambo ya fotoni. Jibu ni kwamba fotoni zimekwisha kuingia nyumbani mwake. Mwaka wa 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba uzi wa kioo kilicho safi waweza kupitisha nuru masafa marefu. Alituzwa Nobel mwaka wa 2009, mwaka ule ule ambao nyaya za kwanza za namna hiyo kutoka baharini ziliunganishwa nchi kavu mjini Mombasa. Tangu hapo barua, picha na pesa zetu husafiri chini ya Bahari ya Hindi zikiwa nuru. Isitoshe, siri za pesa hizo hulindwa kwa mafumbo ya kihesabu, na tangu mwaka wa 1994, Peter Shor alipotoa mbinu yake, imejulikana kwamba kompyuta ya kwantamu yenye nguvu za kutosha ingeweza kuyafumbua baadhi ya mafumbo hayo. Mwaka wa 2024 Marekani ilitoa viwango rasmi vya mafumbo mapya ya kukabiliana na hatari hiyo. Nani atatusomea viwango hivyo na kutushauri, ikiwa hatuna wataalamu wetu?

Ni kweli kwamba baadhi ya kompyuta za kwantamu hudai baridi inayokaribia nyuzi 273 chini ya sifuri, na mitambo ya kuleta baridi hiyo ni ghali mno. Lakini mlango si huo pekee. Majaribio mengi ya nuru hufanyika katika joto la kawaida la chumba, kwa leza, vioo, lenzi na subira. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, wameshirikiana na wenzao wa Afrika, wakiwemo wa Cape Coast nchini Ghana, kuunda hadubini za bei nafuu zinazotumia taa ndogo za rangi mbalimbali kuchunguza vimelea vya malaria katika damu. Nadharia nayo huhitaji kalamu, karatasi na mtu wa kubishana naye. Hata mitambo yenyewe sasa hufikiwa kwa mbali, kwani tangu mwaka wa 2016 kampuni ya IBM imeruhusu watu kuituma kazi yao kwenye kompyuta yake ya kwantamu kupitia intaneti.

Wenzetu barani wametangulia. Mwaka wa 1991 ulianzishwa mtandao wa Afrika wa wanasayansi wa leza na atomi, ukiwa na makao yake Dakar, Senegali. Mwaka wa 2003 kikaanzishwa Kituo cha Leza cha Afrika, kilicho na makao yake Pretoria. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka wa 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walitumia mbinu za kwantamu kulinda mawasiliano ya uwanja wa Durban. Mwaka wa 2025 ilitangazwa kwamba Stellenbosch na Beijing zimeunganishwa kwa ufunguo wa siri wa kikwantamu kupitia setilaiti, umbali wa kilomita 12,900. Hayo hayakuletwa na bahati. Yaliletwa na watu waliofahamiana kwa miaka mingi.

Nasi tuliwahi kuijua njia hii. Kati ya mwaka wa 1963 na 1970 tulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ambamo uhandisi ulifunzwa Nairobi, udaktari Makerere na sheria Dar es Salaam. Haikuonekana aibu kwa Mkenya kwenda Kampala kusomea tiba. Chuo hicho kikavunjwa, na mwaka wa 1977 Jumuiya yenyewe ikasambaratika. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka wa 1999, lakini desturi ile ya kugawana kazi haikufufuka pamoja nayo. Leo kila chuo chataka kuwa na kila idara, hata kama idara yenyewe ina mhadhiri mmoja na kabati lililofungwa kwa kufuli.

Vyombo vya kurekebisha hali hiyo vipo. Baraza la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki liko Kampala na tume ya sayansi na teknolojia ya Jumuiya iko Kigali. Mjini Kigali pia kuna taasisi ya utafiti wa sayansi za msingi, iliyoanzishwa mwaka wa 2018 kwa ushirikiano na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, ambacho Mpakistani Abdus Salam alikianzisha mwaka wa 1964 ili wanasayansi wa nchi maskini wasifanye kazi peke yao. Kinachohitajika ni vyombo hivi kukubaliana juu ya mambo machache. Maabara moja ya nuru ichaguliwe kuwa ya wote, na nyingine ichukue nadharia. Mwanafunzi wa uzamili avuke mpaka bila ya kutozwa karo ya mgeni. Mhadhiri mwenye leza awajibike kumpokea mwenzake asiyekuwa nayo. Vifaa viandikwe katika daftari moja, ili kilichoharibika Eldoret kitengenezwe na fundi wa Morogoro aliye na ujuzi.

Mimi ni mwanaisimu, na hapa siwezi kuinyamazia lugha. Jamii haijengwi bila ya maneno yake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990, kazi iliyothibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba mzigo huu. Lakini taaluma imesonga mbele. Chukua ile hali ya ajabu ambapo chembe mbili, hata zikitenganishwa kwa maili nyingi, hubaki na uhusiano kiasi kwamba ukiipima moja hupati matokeo yaliyo huru na ya mwenzake. Je, tuiite mfungamano, au msokotano? Mfungamano wadokeza ahadi na udugu. Msokotano wadokeza nyuzi za kamba. Mwanaisimu hawezi kuamua peke yake, wala mwanafizikia peke yake. Wakikaa meza moja wakabishana, wataondoka na istilahi, na kilicho bora zaidi, watakuwa wamelielewa jambo lenyewe. Tume ya Kiswahili ya Jumuiya, iliyoko Zanzibar, ingefanya vyema kuiandaa meza hiyo. Vinginevyo Nairobi itabuni neno lake na Dodoma lake, na mwanafunzi wa Bukavu asijue amfuate nani.

Mwalimu wa sekondari asidhani kwamba shughuli hii ni ya maprofesa tu. Yeye ndiye wa kwanza kulisikia swali, na ndiye anayeweza kuliua kwa kicheko. Kuuliza si ujinga. Asipokuwa na jibu, na aliandike swali hilo na kulipeleka idara ya fizikia ya chuo kilicho karibu naye, na idara nayo ione kwamba kulijibu ni deni. Mwanafunzi naye asingoje mitambo ifike ndipo aanze kushangaa. Serikali zetu zitatumia pesa katika sayansi hii, ama kwa kuwasomesha watu wetu, ama kwa kuwalipa wageni baadaye. La kwanza ni nafuu, na muda wa kulichagua ni sasa.