Takwimu ni Darubini ya Mwenye Amri

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Askari aijua hekima hiyo, maana kila risasi itokayo ghalani huandikwa, na kila zamu ina kitabu chake. Lakini daftari likijaa tarakimu laweza kumficha mkuu jambo lile lile analolitafuta. Ndiyo maana leo twapenda kuzungumza nanyi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, juu ya ubao wa takwimu, ambao mafundi wa kompyuta huuita dashibodi. Ni ukurasa mmoja unaokusanya chati kadhaa, ili mwenye amri atazame na kuamua.

Jambo hili si geni majeshini. Baada ya Vita vya Krimea, vilivyopiganwa kati ya 1853 na 1856, muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alichora vifo vya askari mwezi kwa mwezi katika chati ya duara, akaichapisha mwaka 1858. Kila aliyeitazama alitambua kwamba maradhi yanayozuilika yaliwaua askari wengi kuliko majeraha ya vita.

Hapa Burundi adui wa namna hiyo ni malaria, ambayo Machi 2017 serikali iliitangaza kuwa ni mlipuko. Takwimu za afya nchini hukusanywa kwa programu iitwayo DHIS2, inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na inayotumika pia Kenya, Uganda na Tanzania.

Anayetengeneza chati humo hujibu maswali matatu: nini, wapi na lini. Tuseme achague wagonjwa wa malaria, wilaya za afya za Bujumbura, na miezi 12 iliyopita. Akiutaja muda kwa namna hiyo, badala ya kuandika tarehe, chati hujisogeza yenyewe kila mwezi. Kisha huchagua umbo: mstari kuonyesha mwendo wa wakati, nguzo kulinganisha mahali na mahali, au ramani. Huihifadhi, huiweka ubaoni pamoja na nyingine, na mwisho huamua nani aruhusiwe kuutazama ubao na nani kuubadilisha.

Ufundi huo hujifunzwa upesi. Kazi ngumu ni kutodanganyika. Tuchukue mfano wa kambi mbili. Ya kwanza ina wagonjwa 60 katika askari 1,200. Ya pili ina 30 katika askari 300. Nguzo ya kwanza itakuwa ndefu maradufu, lakini hatari kubwa iko katika ya pili: asilimia 10 dhidi ya asilimia 5. Dawa ikipelekwa kwa kufuata urefu wa nguzo, itakwenda kusikostahili.

Mipaka nayo hubadilika. Mwaka 2025 mikoa yetu 18 ilifanywa 5, na komuni 119 zikawa 42. Asiyezipanga upya takwimu za zamani kwa mipaka mipya ataona nguzo zikiruka ghafula, adhani maradhi au uhalifu umeongezeka, kumbe ni eneo lililopanuka.

Mtego mbaya kuliko yote ni hofu. Mwaka 1994 polisi wa New York walianzisha utaratibu wa CompStat, ambamo wakuu wa vituo huhojiwa mbele ya ramani na tarakimu za uhalifu. Utaratibu huo ulisifiwa na kuigwa. Lakini baadaye ilibainika kwamba baadhi ya maofisa waliandika makosa mazito kama mepesi, ili chati zipendeze. Ubao unaotumiwa kuaibisha watu huwafundisha kuficha.

Basi twawaomba wakuu waweke ubaoni, kando ya kila chati, hesabu ya taarifa zilizowasili. Mwezi usio na taarifa si mwezi usio na wagonjwa. Mstari ukishuka kwa sababu vituo vitatu havikuandika, huo si ushindi. Nanyi mnaoshika zamu, jueni kwamba chati yoyote, hata ikiwa mezani kwa jenerali, huanzia kwenye kalamu yenu. Palipo sifuri andikeni sifuri. Palipo 14 andikeni 14. Huenda tarakimu hiyo ikaamua kituo kipi kipate vyandarua kabla ya mvua.