Kulehemu Nyumbani: Nyumba Ikigeuka Kiwanda



Leo tunaeleza kazi ambayo wengi wetu huku Mudende tunaiona kwa fundi wa redio tu: kulehemu bodi za saketi. Siku hizi bodi hizo hutengenezwa hata kwa pambo, kama beji na nyota zenye taa ndogo. Ni kazi nyepesi, hubebwa ndani ya mfuko, kwa hiyo ni rahisi tajiri kuipeleka majumbani.

Kazi yenyewe ni hii. Bodi huja na matundu yaliyozungukwa na shaba. Mfanyakazi hupitisha miguu ya taa matunduni. Mguu mrefu ni wa chanya, na ukigeuzwa taa haiwaki. Kisha hugusisha chuma cha kulehemu, chenye joto la digrii 350 hivi, kwenye mguu na shaba kwa pamoja, sekunde 2 au 3, ndipo huongeza waya wa kulehemu uyeyuke. Kiungo kizuri huteremka pembeni kama mlima Karisimbi. Kilichokaa duara kama tone la maji juu ya jani la jimbi hakikushika. Mwisho hukata miguu iliyozidi, husugua kingo kwa tupa na kusafisha bodi kwa spiriti.

Waya huo mara nyingi ni bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Risasi ni sumu, na huingia mwilini hasa kwa mikono: mtu analehemu, kisha anakula viazi bila kunawa. Mtoto anayetambaa huokota vumbi hilo na kulitia mdomoni, nayo huharibu ubongo wake. Moshi hutoka katika utomvu wa msonobari uliomo ndani ya waya, na huweza kuleta pumu, hata kama waya hauna risasi. Basi usilehemu jikoni, fungua dirisha, nawa kwa sabuni, na watoto wakae mbali.

Sasa tuje kwenye ujira. Sisi wachuma chai tunajua maana ya mzani. Bodi nazo zina mzani wake, nao ni saa. Tuseme bodi moja hulipwa faranga 100, nawe unalehemu 4 kwa saa. Hizo si faranga 400. Ondoa bodi moja iliyokataliwa, ondoa umeme, kisha ongeza muda wa kukata na kusafisha. Na mtoto akikusaidia, ujira ule ule umewalipa watu wawili.

Jambo hili limekwisha kutokea kwingine. Katika miaka ya 1990, huko Silicon Valley, Marekani, wahamiaji wengi kutoka Vietnam na nchi nyingine za Asia walipelekewa bodi nyumbani na kulipwa kwa kipande. Mwaka 1999 gazeti la San Jose Mercury News lililifichua jambo hilo.

Mwaka 1996, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 177, unaotaka anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na wafanyakazi wengine katika ujira, usalama, na haki ya kujiunga na chama. Nchi zilizouridhia bado ni chache.

Kwa hiyo, ndugu, kazi hiyo ikibisha hodi kwako, uliza kwanza: nani ananunua chuma na waya? Nani anabeba hasara ya bodi iliyoharibika? Bodi zihesabiwe mbele yako na ziandikwe kwenye daftari lako. Kisha zungumza na jirani anayefanya kazi hiyo hiyo. Kiwandani tunaonana kila siku. Nyumbani kila mtu yuko peke yake, na hapo ndipo ujira unapopunguzwa kimyakimya.