Homa Haitibiwi kwa Barua Pepe

Naulizwa na walimu, na wenye maduka wa Ukunda, na wafanyakazi wa mahoteli ya Diani ambao hawapati ruhusa mpaka jioni: "Daktari, si nikutumie tu dalili kwa barua pepe, kisha uniandikie dawa?" Wamezoea kulipa kodi na leseni kwa simu bila kupanga foleni, na wanaona hospitali ndiyo iliyobaki nyuma. Kwa mambo kadhaa wana haki. Kwa homa, hapana, na homa ndiyo wanayoniulizia zaidi.

Wanaamini kwamba homa ya Pwani ni malaria. Mwili moto, kichwa kinagonga, viungo vinauma, mtu anatapika. Daktari akishasoma hayo, kilichobaki ni kutaja AL, dawa ya malaria, na dozi yake. Imani hii ilipaswa kuwa imekufa zamani. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo cha haraka chenyewe ni tone la damu ya kidole na kungoja dakika 15 au 20. Hakuna maelezo, hata yaandikwe kwa ufasaha gani, yanayofanya kazi ya tone hilo.

Huku kwetu kuna sababu nyingine kubwa. Dengue ilizuka Mombasa 2013, chikungunya ikafuata kuanzia mwisho wa 2017, na watafiti wamevikuta virusi hivyo katika damu ya watoto walioletwa na homa Ukunda na Msambweni. Siku za mwanzo, ukisoma dalili kwenye karatasi, huwezi kuzitenganisha na za malaria. Lakini mgonjwa wa dengue hatakiwi kumeza aspirini, brufen wala diclofenac, kwa sababu zinaweza kumzidishia kutokwa damu, na hivyo ndivyo vidonge ambavyo mtu aumwaye viungo hukimbilia kununua. Kibaya zaidi, hatari ya dengue mara nyingi huja pale homa inapoanza kushuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mama ataniandikia: "Alhamdulillahi daktari, leo mwili umepoa, ila tumbo linamuuma sana na hajaacha kutapika." Yeye anashukuru. Mimi nikisoma maneno hayo namtaka mtoto awe kitandani hospitalini saa hiyo hiyo, na pengine ujumbe umelala tangu alfajiri nikiwa wodini. Kutuma si kusomwa. Watu wengi wakishabonyeza hulala wakidhani mgonjwa wao tayari ana daktari.

"Basi nitakutumia picha." Picha ya nini? Macho yaliyogeuka manjano hayajulikani chini ya taa ya manjano. Vipele vya surua kwenye ngozi nyeusi hupotea katika kamera ya simu. Upungufu wa damu nautafuta ndani ya kope na kwenye kiganja cha mtoto, nikikiweka kando ya changu. Nimonia naitafuta kwa kufunua kifua na kuhesabu pumzi dakika nzima: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, anapumua haraka mno. Naangalia kama kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi. Nainamisha shingo nijue kama imekaza. Mzazi huona ninamnyima msaada, lakini nikimtajia dawa bila kufanya hayo nitakuwa nimemuaminisha kwamba mwanawe amepimwa.

Kisha kuna suala la anwani yenyewe. Anwani nyingi za watu wetu zilifunguliwa na kijana wa saiba, siku mtu alipohitaji PIN ya KRA au akaunti ya eCitizen, na neno la siri bado liko katika daftari la kijana huyo. Hapo ndipo mtu anataka nimtumie majibu ya kipimo cha HIV. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na mimi ndiye nitakayeulizwa zikivuja. Vivyo hivyo kwa mwana aliye Doha, anayelipa gharama zote na kutaka nimwandikie ugonjwa wa mamake. Uchungu wake naujua. Lakini mama akiwa na akili timamu, ruhusa ni yake mama.

Sasa, barua pepe itumieni kwa haya. Mgonjwa wa presha au sukari ambaye tumeshaonana: andika vipimo vyako na tarehe zake. Kama huna mashine, mhudumu wa afya ya jamii anaweza kukupimia. Kubadilisha siku ya kliniki, kuomba barua ya rufaa tuliyokwisha kuizungumzia, kuuliza kama kidonge humezwa kabla ya chakula, kunitumia majibu ya maabara ya Mombasa: sawa. Fungua anwani yako mwenyewe, ubadilishe neno la siri leo. Andika jina, umri, dawa unazomeza na swali moja. Usipojibiwa kwa siku mbili, piga simu au njoo. Jambo lisiloweza kungoja siku mbili halifai kuandikwa.

Na mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usiandike chochote. Mbebe umpeleke Msambweni, Kinango au kituo chochote kilicho karibu nawe, hata kama ni usiku wa manane.