Kushuka Lyamba lya Mfipa Wakati wa Mvua

Wengi wetu tufanyao kazi mijini hupata likizo mwezi wa Desemba, tukafunga mizigo na kuwapeleka watoto kwa babu na bibi. Kwa mwenye asili ya bonde la Ziwa Rukwa safari hiyo huangukia kipindi kibaya. Mvua za Ufipa huanza Novemba na kwisha Aprili; naye akiisha fika Sumbawanga, juu ya uwanda wa meta 1,700 na zaidi, hana budi kuteremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa mpaka ziwani, kwenye meta 800 hivi.

Ukuta huo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na nchi yake haijatulia. Tarehe 13 Desemba, 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika.

Wasafiri wa milima ya Ulaya huogopa maporomoko ya theluji. Sisi theluji hatuna, lakini tunao udongo uliolowa. Maji hupenya kati ya chembe zake, yakauongezea uzito na kuulegeza usishikamane na mwamba. Pale barabara ilipokata mguu wa mlima, au miti ilipogeuzwa mkaa, huporomoka kwa urahisi zaidi. Tena mlima waweza kuanguka mvua ikiwa imekwisha katika, kwa kuwa maji yangali yakishuka ndani. Jua likichomoza, wengi hudhani wamepewa ruhusa ya kuondoka!

Asiyeamini na akumbuke Katesh. Jumapili, 3 Desemba, 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyojaa maji ilimeguka, ikawa tope lililobeba mawe na magogo hadi mjini. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Basi ikiwa mvua kubwa imenyesha usiku kucha, lala Sumbawanga siku moja zaidi, ingawa nauli imekwisha lipwa. Waulize madereva waliopanda asubuhi ile. Safiri mchana. Usikubali gari lisimame chini ya genge ili abiria wachimbe dawa. Ufa mpya barabarani, miti iliyoinama, au kijito kilichopungua ghafla huku mvua ikinyesha, ni dalili mbaya. Hicho cha mwisho huenda kimezibwa na kifusi huko juu. Mkilazimika kupita kwa miguu penye udongo ulioanguka, piteni mmoja mmoja, mwingine akiangalia mlimani, kama wafanyavyo wale wa theluji. Ukisikia mawe yakivuma, kimbilia ubavuni, wala usikimbie kuteremka, maana tope litakushinda mbio.

Na bibi anayewangoja wajukuu mpigie simu kabla hamjaondoka mjini, umwulize usiku mvua ilinyeshaje huko chini, na mto umejaa kiasi gani.