MKANDA WA RANGI TATU: MPIME MTOTO WAKO NYUMBANI



Katika nyumba nyingi ninazotembelea, kadi ya kliniki ya mtoto imetunzwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, lakini mama mwenyewe hawezi kusoma kilichoandikwa humo. Anangoja mhamasishaji wa afya afike ndipo ajue kama mtoto amekonda. Nami siwezi kufika kwako kila wiki.

Mkanda wa kupimia mkono hauhitaji kusoma. Mikanda ya rangi ilianza kutumika miaka ya 1970, na kwa muda mrefu ilikaa mikononi mwa watu wa afya tu. Utafiti uliofanywa nchini Niger na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba akina mama waliofundishwa waliwagundua watoto wenye utapiamlo mapema zaidi, na watoto wachache zaidi walihitaji kulazwa. Kwa maoni yangu, mkanda unafaa kukaa nyumbani kwako kuliko katika mkoba wangu.

Hupimwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, wa kiume au wa kike. Vua nguo kwenye mkono wa kushoto, uache uning'inie. Tafuta katikati ya bega na kiwiko. Zungusha mkanda, pitisha ncha kwenye tundu, vuta mpaka uguse ngozi pande zote bila kubana nyama. Kisha tazama rangi kwenye kidirisha.

Kijani (milimita 125 au zaidi): endelea kumpima kila wiki. Njano (115 hadi 124): mlete kituoni wiki hiyo hiyo. Nyekundu (chini ya 115): mlete leo, hata kama ni siku ya mgao wa chakula. Jirani anaweza kukupokelea posho.

Usidanganywe na uso mnene. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, ukihesabu hadi tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa utapiamlo. Mlete leo hata kama rangi ni kijani.

Wapo wanaomficha mtoto kwa kuogopa kuambiwa hawajui kulea. Baba, hapo wewe ndiwe wa kusema, "Twende."

Mkanda ukichanika au rangi zikififia, mwombe mhamasishaji wa bloku yako mwingine. Hauuzwi.