Ukanamungu si utu, wala si ukosefu wa utu

Katika mazungumzo ya walimu na wanafunzi, hapa Kitengela na hata Kajiado mjini, nimesikia mara nyingi kauli kwamba asiyemwamini Mungu hana kinachomzuia kutenda maovu. Kauli hiyo huchanganya mambo mawili yapasayo kutenganishwa.

Ukanamungu ni jibu la swali moja tu: je, Mungu yupo? Mkanamungu hujibu kwamba hayupo, na jibu lake huishia hapo. Halituambii iwapo atamlipa kibarua wake ujira wa haki au atamdhulumu. Falsafa ya utu huanzia kwenye swali jingine: binadamu ana wajibu gani kwa binadamu mwenziwe? Azimio la Amsterdam la mwaka 1952 lilijibu swali hilo bila kutegemea dini. Lakini Kenneth Kaunda wa Zambia, aliyekuwa Mkristo, aliifanya falsafa ya utu kuwa mwongozo wa taifa lake mwaka 1967. Basi mlango wa utu huingiwa na mwenye imani na asiye nayo.

Mfano wa karibu zaidi umo katika nyika za Kajiado. Wamaasai wana uhusiano uitwao osotua, neno ambalo asili yake ni kitovu, kile kiungo cha mtoto na mamaye. Aliyepatwa na shida humwendea mwenziwe wa osotua, naye hupewa kwa kadiri ya shida yake, wala haandikiwi deni. Wamaasai humwomba Enkai, na kwao kifungo hiki kina heshima kubwa. Hata hivyo, kipimo cha kutoa ni uhitaji wa mwombaji. Katika ukame mkali wa mwaka 2022, mifugo ilipokufa kwa wingi, kipimo hicho kilikuwa na maana kuliko mahubiri mengi.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni katika kifungu cha 32. Licha ya hayo, jumuiya ya wakanamungu iliyosajiliwa Februari 2016 ilisimamishiwa usajili wake miezi michache baadaye, kwa hoja ya kulinda amani na utulivu. Naona hofu hiyo haikuwa na msingi: amani huvunjwa na matendo.

Ndugu mwalimu, mwanafunzi akikuambia kwamba haamini, usimwite mpotovu mbele ya wenziwe. Muulize anawatendeaje wanyonge. Nawe mwanafunzi uliyeacha kuamini, usidhani kwamba kukana kumekupa utu. Umeondoa jibu moja. Wajibu kwa jirani ungali palepale, nao unakungoja wewe kama unavyomngoja yule aendaye kanisani au msikitini.